Bwana Nyamaza na Dadu Isiyosomwa

Rukia mwanangu,

Salamu nilikupa asubuhi mbele ya mahamri, na nyingine nitakupa kesho gatini, kwa hiyo hapa sizirudii. Sasa ni baada ya alasiri. Wewe unazunguka mtaa wa Langoni nyumba kwa nyumba ukiwaaga shangazi zako, na ninavyowajua, hawatakuachia kabla ya magharibi. Nimewapa mafundi ruhusa, nimefuta vumbi la mbao kwenye meza ya kazi, nimekaa. Mambo ya shuka, ya chaji ya simu na ya kutokula vya barabarani, mamako amekueleza mara tatu nikiwepo. Sina la kuongeza hapo. Ninalo jambo moja tu, nimekaa nalo miaka mitatu, na si zuri.

Ni habari ya Bwana Nyamaza.

Najua ukiliona jina hilo kwa mwandiko wangu utashtuka, kwa sababu nyumbani kwetu halijatajwa tangu siku ile. Nitaanza mwanzo na nitaeleza yote, hata unayoyajua, maana unayajua kwa upande wako tu.

Ulikuwa na miaka kumi na mitano. Mwende, binti wa Mwalimu Mutua aliyepanga nyumba ya tatu kutoka kwetu, alikuja na mchezo aliofundishwa na binamu yake huko bara. Mkawa mnakaa dakani kwetu, kwenye zile baraza za mlangoni, wewe na Mwende na Swaleh wa ami yako, kila Jumamosi mchana. Nikipita na mbao naona karatasi zimetandazwa, biro mbili tatu, na dadu ya ajabu yenye pande ishirini, rangi yake samawati. Nilielewa hivi: kila mmoja anajifanya mtu mwingine, Mwende shujaa, Swaleh mwizi mwenye moyo mwema, na wewe ndiye msimulizi. Unawaambia wako wapi na wamekutana na nani, wao wanasema watafanya nini, kisha dadu inaamua kama wamefaulu. Sikuona ubaya. Vicheko vyenu vilifika mpaka karakana, na mafundi walikuwa wakiniuliza nyumbani kwangu kuna harusi gani.

Kisha siku moja ukaja karakana kunitaka nikuchongee sanamu.

"Baba, nataka mtu mdogo, kama kidole hivi. Ana joho, na kofia ya kufunika uso."

"Mtu nani?"

"Mtawi wetu wa mchezo. Sasa twatumia kizibo cha soda, hatishi hata kidogo."

Nikakujibu kama babangu alivyokuwa akinijibu mimi, kwamba sisi hatuchongi chenye roho. Maua, majani, minyororo, nitachonga mpaka nizeeke. Mtu na mnyama, la. Ukasema "haya" ukaenda zako, wala hukuninunia. Lakini neno "mtawi", yaani mchawi kwa kinywa chetu, lilinibaki sikioni siku nzima.

Sasa sikiliza habari ya babu yangu, ambaye hukumdiriki. Alikuwa akiandika kombe. Mgonjwa akiletwa, babu huandika aya kwa zafarani ndani ya sahani nyeupe, kisha huzikosha kwa maji ya waridi na mgonjwa akanywa. Mimi ndiye niliyekuwa nikimshikia sahani. Lakini watu walimletea na mambo mengine: karatasi zilizofukuliwa kizingitini, zilizotolewa ndani ya mito, zilizoandikwa na watu wasiomcha Mungu. Alinionyesha ili nizijue. Zote zilikuwa na sura moja. Jina la mtu, na kando yake visanduku, na ndani ya kila kisanduku hesabu. Babu akizitia majini, akisoma, mpaka wino utoke wote na karatasi ibaki nyeupe, kisha maji hayo akayamwaga baharini wakati wa kupwa. Nilikuwa mtoto wa miaka saba, na niliogopa karatasi zile kuliko nilivyowaogopa mbwa.

Basi Alhamisi ile nilikuta karatasi yako chini ya mto wa dakani. Juu yake umeandika "Bwana Nyamaza, mchawi". Chini yake visanduku sita, kila kimoja na hesabu yake. Pembeni umeandika "Uhai 66", na mimi niliyefundishwa hesabu za herufi najua sitini na sita ni hesabu ya Jina gani tukufu. Chini kabisa majina. Mwende ana namba zake. Swaleh ana ishirini na nne, imekatwa, ikaandikwa kumi na saba, imekatwa, ikaandikwa tisa.

Na Swaleh wiki ile alikuwa kitandani na homa.

Sikukuuliza. Hilo ndilo kosa lenyewe, Rukia, mengine yote ni matawi yake. Ulikuwa jikoni unakuna nazi, hatua kumi na mbili kutoka nilipokuwa nimesimama. Ningekuita, ungenieleza kwamba namba zile ni nguvu za mtu wa mchezo, hupungua akipigwa, na Swaleh alikuwa amepigwa mara mbili. Ungecheka, na mimi ningecheka. Lakini nilijiona najua. Nilikuwa nimeshika sahani ya babu.

Nikaitia karatasi ndani ya bakuli, nikamwaga maji ya waridi, nikasoma. Nikasoma mpaka koo likakauka. Nikachungulia. Bwana Nyamaza yuko pale pale, na visanduku vyake sita, hata herufi moja haijalegea. Nikabadilisha maji, nikasoma tena. Wapi. Jasho likanitoka, maana babu alikuwa akisema karatasi isiyotoka wino ni ya mtu mkali.

Mamako akapita, akatazama bakuli.

"Baba Rukia, huo ni wino wa biro. Miaka yote hii nafua makanzu yako, umeuona umetoka?"

Nikamwambia, "Nyamaza, Bi Zuhura, hili hulijui."

Akanyamaza. Ni mtu mwenye adabu kuliko mimi.

Jumamosi nikawaingilia. Swaleh hakuwepo, mlikuwa wewe na Mwende tu. Mwende alikuwa ametoka kurusha dadu, bado inazunguka kwenye sakafu. Nikaifunika kwa kiganja, nikaitia mfukoni, nikakusanya karatasi zote. Uso wako siku ile nauona mpaka leo, na sipendi kuuona. Kisha nikaenda moja kwa moja kwa Mwalimu Mutua. Alikuwa amekaa nje na majirani, wanakunywa kahawa, kila mtu yupo.

"Mwalimu," nikamwambia, "mwanao ametuletea utawi ndani ya nyumba."

Akasimama kwa heshima. "Mzee, hebu tukae tuongee. Ni mchezo tu. Hata mimi nimeucheza nao."

"Basi na wewe pia," nikasema.

Maneno manne, mbele ya kahawa. Mtu wa bara katika mji wetu hana jamaa wa kumsemea, na mimi nililijua hilo nilipoyatamka. Baada ya hapo sikuhitaji kufanya kitu kingine. Watoto waliokuwa wakienda kwake kusomeshwa hesabu jioni wakaacha, mmoja mmoja. Asubuhi moja mkewe alikuta kizingiti chao kimemwagiwa maji ya kombe. Si mimi niliyemwaga, lakini aliyemwaga alinisikia mimi. Mwisho Mwalimu akaomba uhamisho, akapelekwa Pate. Akawakataza watoto wake kuwasiliana na nyumba yetu, na alikuwa na haki. Barua zako kwa Mwende hazikujibiwa kwa sababu hiyo. Ulidhani Mwende amekuchukia. La. Alikatazwa, kwa ajili yangu.

Swaleh, kama unavyojua, alikuwa na malaria. Alimeza vidonge siku tatu akapona. Na mimi nikawaambia watu amepona kwa sababu nimezuia ule mchezo. Nalisema hili ili ujue nilifika mpaka wapi.

Mwaka jana, mwezi mmoja kabla ya Ramadhani, alikuja kijana wa Nairobi aliyepanga nyumba karibu na msikiti wetu. Alitaka meza ya mvule yenye ukingo pande zote. Nikamuuliza ukingo wa nini. Akasema, "Dadu zisianguke, fundi." Akafungua mkoba, akanitandazia karatasi ili nipime nafasi ya kila mchezaji. Rukia, zilikuwa zile zile. Zimepigwa chapa, zimetoka kiwandani, na visanduku sita juu, na mahali pa kuandikia uhai, na mistari ya kukata namba mtu akipigwa. Alinieleza mchezo wote kwa furaha, nikamsikiliza kama mtu anayesomewa hukumu. Kwao mchawi mbaya ni lazima awepo, akasema, la sivyo mashujaa wana kazi gani?

Meza nilimchongea. Ni kazi nzuri, ukingo wake nimetia majani madogo madogo. Nilipokuwa nikiisugua msasa nilikuwa najua tayari kila kitu: kwamba hukufanya lolote, kwamba Mwende hakufanya lolote, kwamba nimemwondoa mtu na familia yake katika mji kwa ajili ya wino wa biro. Na nikakaa kimya mwaka mzima na zaidi. Kosa la kwanza naweza kulitetea kidogo, nilikuwa na hofu ya mtoto mgonjwa. Hili la pili sina la kulitetea. Nilikuwa naona haya tu. Kila asubuhi nilijiambia leo, na ilipofika jioni nilikuwa nimeshapata sababu.

Unakumbuka siku uliyoniletea kahawa karakana, mafundi wameenda kuswali? Nilikuwa nimeshaitoa karatasi yako sandukuni na kuisoma, safari hii pande zote mbili. Nyuma ulikuwa umeandika kisa chake. Kwamba Bwana Nyamaza alikuwa mtawala wa kisiwa kidogo, aliwapenda watu wake, akachukia ugomvi wao. Akajifunza kufunga sauti. Kila anayesema neno la kumtia hofu, sauti yake huchukuliwa ikatiwa chupani, chupa ikapangwa rafuni. "Haui mtu," umeandika. "Huwalisha vizuri. Kisiwa kimetulia na yeye hulala fofofo." Na chini, kwenye udhaifu wake: "Hajavunja chupa hata moja. Zote zinaweza kufunguliwa."

Kwa umri ule, mwanangu, ilikuwa kazi ya fundi. Nilipaswa kukwambia hivyo. Badala yake nikakuuliza swali la mtu anayejifikiria mwenyewe.

"Yule mtawi wako. Ni mimi?"

Uliweka birika chini taratibu.

"Si we, baba," ukasema. "Yule huyua atendalo."

Ukatoka. Nilikaa na kahawa mpaka ikawa baridi. Sijapigwa na mtu tangu utoto, lakini ile ilikuwa ngumi, na ilikuwa haki yangu. Hata hapo, mlango uko wazi, wewe hujafika hata kona ya pili, sikukuita. Kwa hiyo sasa huwezi tena kusema kwamba sijui nitendalo. Nilikuwa najua.

Juma lililopita niliwaambia nakwenda Kipungani kutazama mikeka. Ulikuwa uongo. Nilipanda boti ya abiria mpaka Mtangawanda, bandari ya Pate, nikachukua pikipiki mpaka shuleni kwa Mwalimu Mutua. Alikuwa darasani peke yake anasahihisha madaftari. Amekonda kidogo, ana mvi ambazo hakuondoka nazo hapa. Hakuinuka, na sikutaraji ainuke.

"Bwana Mutua, nimekuya kukutaka radhi."

"Mzee, ni miaka mitatu."

"Nayua."

"Mke wangu alikuwa anatembea na uso chini hapo kwenu. Hadi sokoni. Unajua hiyo?"

"Hilo sikuliyua. Sasa nimeliyua."

Nikamweleza yote, bakuli na maji ya waridi na homa ya Swaleh na meza ya mvule. Nilimwambia kwamba Ijumaa hii inayokuja, baada ya sala, nitakaa pale pale kwenye kahawa na kuwaambia wale wale nilichokosea. Aliendelea kutia alama za vyema kwenye madaftari wakati nasema, mpaka nilipofika kwenye wino wa biro. Hapo kalamu ikasimama. Akaitazama ile iliyo mkononi mwake, na nikaona mdomo wake unapigana na kicheko. Hakucheka. Akanionyesha dawati.

"Keti, mzee. Nimekusikia. Ya kusamehe niachie, nitaenda nayo polepole."

Nikasema hiyo inatosha. Ni zaidi ya nilichokwenda kutafuta. Nyumbani kwake mkewe hakutoka chumbani, na mimi sikuuliza. Aliyetoka ni Mwende, na gilasi ya maji. Amekuwa mrefu kumpita babake. Nilikuwa nimejipanga maneno ya kumwambia, akaniwahi.

"Baba Rukia, na mchawi ako hai?"

"Karatasi yake ninayo," nikamjibu. "Imekunjamana, lakini imesomeka yote."

"Na dadu?"

"Na dadu ninayo."

Akaweka gilasi chini. "Ilikuwa imeonyesha ngapi?"

Sikumwelewa. Akanieleza polepole, kama mtu anayemweleza mtoto. Ile Jumamosi mlikuwa mmefika mwisho. Amepanda mpaka kwenye chumba cha chupa, Bwana Nyamaza yuko mbele yake, nguvu zake zimebaki kidogo. Akipata kumi na tano kwenda juu, mchawi amekwisha na sauti zote zinarudi. Akipata chini ya hapo, sauti yake yeye inaingia chupani. Alirusha, na kabla haijasimama ukaja mkono wangu.

"Nimekaa nayo miaka mitatu, mzee. Ilikuwa ngapi?"

"Sikuangalia," nikamwambia.

Mwalimu Mutua, aliyekuwa mlangoni, ndipo alipocheka. Alicheka mpaka akashika ukuta, na Mwende akacheka, na mimi nikatazama gilasi yangu ya maji kwa sababu macho yalikuwa yamenijaa. Sikuwa nimelia tangu kumzika babangu. Nakwambia kwa sababu hukuniona, na pengine ulidhani silii.

Sasa haya ndiyo ninayokuachia. Ndani ya mkoba wako mdogo, chini ya mtandio wa mamako, utakuta kifurushi cha kitambaa cheupe. Ndani mna karatasi zenu zote, nimezipiga pasi. Mna na mtu mdogo wa mvule, kama kidole, ana joho na kofia ya kufunika uso. Sikumchongea uso, macho wala mdomo. Ndani ya kofia nimeacha mbao tupu. Nimemuuliza sheikh wetu, akasema kisicho na uso hakina ubaya. Nikajiambia ningemuuliza hivyo miaka mitatu iliyopita, ingenichukua dakika tano. Na mna dadu. Tangu siku ile mpaka leo nilipoifunga humo, haikutoka kwenye mfuko wa kanzu ile, na ile kanzu sikuivaa tena.

Sina hekima ya kukupa unaposafiri. Nilidhani ninayo, na umeona ilivyonifikisha. Ninachokijua ni kidogo tu: siku nilipoogopa zaidi ndiyo siku nilipokuwa na hakika zaidi, na mtu wa kuuliza alikuwa jikoni. Ukijikuta una hakika namna hiyo, nikumbuke na bakuli langu. Ukikosea hata hivyo, na utakosea, maana wewe ni damu yangu, usikae mwaka mzima unasugua meza.

Kesho asubuhi, kama ada, utakuja kuubusu mkono wangu na kuniomba radhi kabla ya kuvuka. Radhi zangu unazo, ulikuwa nazo hata siku ile dakani. Lakini safari hii mwombaji ni mimi. Ukiweza kunipa, nipe. Ukiona bado, vuka tu, nami sitakushikilia mkono mbele ya watu wala sitamwambia mamako. Nitangoja, maana na wewe umeningoja.

Mwalimu Mutua ameniambia vyuo vyenu vinafungua juma moja. Mwende atakuwa ng'ambo Mokowe kesho asubuhi, kwenye basi lile lile utakalopanda, na babake hajamkataza. Kaeni kiti kimoja. Mtoe Bwana Nyamaza umsimamishe mbele yake, mpe dadu mkononi, na umwambie arushe tena.

Babako